Je, wajua kwa nini Wakenya huiamini karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni mwa kituo cha kura?

Ukituma pesa kwa simu, unabaki na ujumbe: kiasi, jina la mpokeaji, saa. Kura haikuachii kitu isipokuwa wino kidoleni. Karatasi yako ikishaingia sandukuni inachanganyika na za wenzako, na hakuna awezaye kukuonyesha ipi ni yako. Ndivyo inavyopaswa kuwa, maana siri hiyo ndiyo inayokukinga na mwajiri, chifu, hata jamaa wa nyumbani. Lakini basi utajuaje kwamba imehesabiwa?

Kenya iliwahi kuiondoa siri hiyo kabisa. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama tawala na cha pekee wakati huo, watu walipanga foleni mchana peupe nyuma ya mgombea au wakala wake. Mlolongo, uliitwa. Kila mtu aliiona foleni ndefu na ile fupi, na bado katika sehemu kadhaa wa foleni fupi akatangazwa mshindi. Mimi naona hapo ndipo jibu linapoanza. Watu walikuwa wameona kila kitu uwanjani, ila hawakuwa na chochote cha kuonyesha namba ilipobadilika baada ya kuondoka pale.

Desemba 2007 jambo hilo lilijirudia kwa uzito wa kutisha. Matokeo yalichelewa kufika Nairobi, na yalipotangazwa hayakuaminika. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, baadaye alisema hajui kama kweli Rais Mwai Kibaki, aliyetangazwa mshindi, alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 86, inataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe palepale kituoni. Chombo cha kazi hiyo katika kura ya urais ni karatasi moja: Fomu 34A. Kura zikishapigwa, afisa msimamizi wa kituo huinua karatasi mojamoja mbele ya mawakala wa wagombea. Hesabu ikiisha anajaza fomu, mawakala wanatia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine inabandikwa mlangoni. Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ni hesabu ambayo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuirudia. Namba ikibadilishwa safarini, tayari kuna nakala mikononi mwa mahasimu, na mlango unasema vingine.

Mwaka 2017 mpango huo ulivunjika katikati. Namba zilimiminika kwenye skrini huko Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura jijini Nairobi, lakini picha za fomu hazikwenda nazo sambamba, na mshindi akatangazwa kabla fomu zote za 34A hazijapatikana. Mahakama ya Juu iliamuru mitambo ya tume ifunguliwe ikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo. Septemba 1, majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Uamuzi wa namna hiyo haukuwahi kutolewa Afrika kabla ya hapo.

Agosti 2022 tume iliweka picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Vijana walikesha wakijumlisha kwenye simu. Vyombo vya habari navyo vikajumlisha, na kwa kuwa kila kimoja kilianza na fomu zake, kwa siku kadhaa vilionyesha viongozi tofauti. Wengi waliingiwa na wasiwasi, ingawa fomu zilikuwa zilezile. William Ruto alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, makamishna wanne kati ya saba wa tume walimkana mwenyekiti wao. Zamani hilo peke yake lingetosha kuwasha moto. Safari hii mabishano yalikwenda mahakamani, fomu za mtandaoni zikalinganishwa na nakala za karatasi, na majaji wote saba wakakubali matokeo.

Ujerumani ilifikia wazo la karibu sana na hili kwa njia nyingine. Mwaka 2009 Mahakama yake ya Katiba ilizikataa mashine za kupigia kura zilizotumika 2005, kwa hoja kwamba raia asiye mtaalamu lazima aweze kujihakikishia mwenyewe hatua muhimu za uchaguzi.

Fomu 34A, hata hivyo, inaanza kusema pale hesabu inapoanza. Haijui nani alihongwa jana yake, wala nani hakukuta jina lake kwenye daftari. Na nguvu yake yote inatokana na mawakala wasiopendana kukaa chumba kimoja hadi usiku wa manane. Chama kisipoweza kumlipa wakala katika ngome ya mpinzani, fomu ya kituo kile itajazwa bila mtu wa kupinga, kisha itapanda mtandaoni na kusomeka safi kama nyingine zote.