Mfuko wa fidia haulipi hisa zikishuka bei

Nchini Kenya wengi bado wanaamini kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji humrudishia mtu hasara yoyote ya hisa. Sivyo. Aliyenunua hisa ya Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008, kisha akaiona ikiteremka chini ya hapo, hakuwa na dai lolote. Mfuko humlinda mteja ikiwa dalali wake wa hisa mwenye leseni ameshindwa kutimiza wajibu wake, kama Nyaga Stockbrokers iliyoanguka mwaka huohuo, na hata hapo kikomo kilikuwa shilingi 50,000, kiasi kidogo mno, naamini, kwa mtu ambaye dalali aliuza hisa zake za akiba bila idhini yake. Ukiona katika taarifa ya akaunti yako ya hisa mstari wa mauzo usiyoyaagiza, lalamika mara moja kwa maandishi kwa dalali na kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayosimamia madalali hao.