Kipindi kisicho na kengele

Nilipoanza kufundisha kwa mtandao niliichukua ratiba ya darasani nikaihamishia kwenye skrini kama ilivyo: vipindi sita kwa siku, dakika 40 kila kimoja, kamera zote wazi. Wiki ya tatu haikuisha. Sauti ilikauka, macho yakawasha, na jioni nikawa nawajibu wanangu kwa ukali wasiostahili.

Nilidhani ni uvivu wangu. Sivyo. Darasani mwalimu anafundisha kwa macho kama anavyofundisha kwa mdomo. Ukigeuka tu kutoka ubaoni, sura zinakuambia nani amekwama kabla hajanyoosha mkono. Mtandaoni sura hizo ni vidirisha vidogo, vingine vimezimwa, na akili inahangaika kutafuta ishara ambazo hazifiki. Mwaka 2021, Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja vyanzo vinne vya uchovu huu: kutazamana kwa karibu mno, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na kazi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara. Tangu hapo huificha picha yangu kipindi kinapoanza, na hufundisha nimesimama. Kusimama kumenifaa sana.

Ila nafuu yenyewe niliipata kwenye andalio la somo. Maelezo ya mada sasa nayarekodi, dakika nane hadi kumi, mwanafunzi ayapakue na kuyarudia anapokwama. Hata yule anayengoja simu ya mzazi irudi jioni hapitwi. Mubashara tunakutana nusu saa tu, vikundi vidogo, kwa maswali na mazoezi. Wapo wazazi walioona napunja vipindi. Nikawaalika wakae na watoto wao kwenye kikundi kimoja, wasikilize maswali yanayoulizwa.

Jioni ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Swali la saa nne usiku nililijibu kwa hofu kwamba mtoto ataachwa nyuma, na kila jibu lilizaa maswali mengine matatu. Sasa maswali yana saa zake, saa nane mchana hadi saa kumi, na jibu naliweka kwenye kundi zima ili lililomkwamisha mmoja liwafae wote. Makundi ya darasa nimeyatoa kwenye simu yangu, yako kwenye kompyuta tu. Kazi nasahihisha kwa sauti: dakika moja ya kumweleza mwanafunzi alipokosea, badala ya kuandika aya nzima. Kazi ya siku ikiisha, kompyuta inaingia kabatini.

Jambo moja sikuliwekea saa. Mwanafunzi akiandika kwamba hana amani nyumbani, namjibu hata usiku wa manane. Kwa hilo nina namba ya pili, na darasa zima linaijua.