Friji Haipai

Juzi tena. Mteja kasimama mbele ya friji ya kizamani niliyokuwa naipiga rangi, ile yenye mabega ya mviringo, anamweleza mwanawe: "Waliifanya kama ndege ili isile umeme." Nikameza mate. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo wa friji ni sifuri. Piga hesabu mwenyewe, ndugu yangu.

Ndege ilihusika, sikatai. Mwaka 1933 Boeing 247 iliruka, mwishoni mwa 1935 ikafuata DC-3, na kwa Mmarekani aliyebanwa na mdororo wa uchumi ulioanza 1929, miili ile laini ya kung'aa ilikuwa sura ya kesho. Viwanda vilivyododewa na bidhaa vikawaita wabunifu. Raymond Loewy akaichora upya friji ya Coldspot ya maduka ya Sears, ikaingia sokoni 1935. Lurelle Guild akawapa Electrolux kifyonza vumbi cha 1937, utadhani kinasubiri ruhusa ya kuruka. Loewy huyohuyo alishabuni hata kichongeo cha penseli chenye umbo la tone la maji. Kichongeo! Upepo ungekipiga kutoka wapi? Hakikufika kiwandani.

Sasa kinachoniudhi hasa: kila mtu anataja ndege, hakuna anayeitaja presi, mashine ya kukandamiza bamba la chuma lipate umbo. Bamba la chuma likisukumwa ndani ya kalibu yenye kona kali, hukonda palepale penye kona, halafu huchanika. Kona ya mviringo huliacha chuma liteleze. Rangi ya enameli nayo haikai vizuri kwenye ncha, hubanduka mapema. Na mlango mpana uliolala bapa hupwaya na kugongagonga kama bati la paa, lakini ukiutunisha kidogo tu unakakamaa. Mviringo wa friji ulizaliwa karakana, sio uwanja wa ndege.

Ningependa kuishia hapo nikiwa mshindi. Tatizo ni kwamba presi ingeridhika na mviringo mdogo tu, na mabega ya friji ninayopiga rangi yamezidi sana hitaji hilo. Kila nikifika hapa ubishi wangu unalegea, ndege inarudi kupitia dirishani. Nadhani presi iliruhusu, penseli ya mbunifu ikatia chumvi. Kuna siku naamini kinyume chake.

Elimu halisi ya ndege nyumbani kwako imejificha ndani, penye hewa inayotembea: feni ya kifyonza vumbi, feni ya mashine ya kukaushia nywele. Au inua macho utazame pangaboi. Za bei rahisi ni vipande vya bati vilivyoinamishwa tu. Ile nzuri panga lake limesokotwa kama propela, na hakuna aliyewahi kuisifia kwangu kwamba inafanana na ndege.

Mteja alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Kwa hiyo fundi, inakula umeme au haili?" Nikamwambia tuanze na mpira wa mlango. Ulikuwa umepasuka pande mbili.