Je, wajua kwa nini wafugaji wa mbwa wa sleji huhofia joto kuliko baridi?

Ukiona picha ya mbwa wa sleji, yaani mbwa anayekokota gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, amejikunja nje, mkia umefunika pua na mgongo umegeuka mweupe, kinachokujia kwanza ni huruma. Masikini, anaganda. Wazo hilo limeenea sana, hasa kwetu sisi tuliokulia kwenye jua, na linaonekana halina hata haja ya kubishaniwa: baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, mnyama yuko nje usiku kucha, atakosaje kuteseka?

Sasa mtazame mwenye mbwa hao. Ni Oktoba, Alaska, saa kumi na moja alfajiri. Anatoka nje na jambo la kwanza ni kuangalia kipimajoto, naye anaomba kiwe kimeshuka. Kikionyesha nyuzi 12 juu ya sifuri, kiwango ambacho Nairobi ni asubuhi ya Julai ya kuvaa sweta, huenda mazoezi ya siku hiyo yakaahirishwa au yakafupishwa. Kikionyesha 20 chini ya sifuri, siku imekuwa njema. Wengi wa waendeshaji hawa watakuambia kwamba hali wanayoipenda zaidi kwa mbwa wao ni kati ya nyuzi 20 na 30 chini ya sifuri.

Kazi yenyewe ni ya kale. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, kulipatikana mabaki ya mbwa wa miaka takriban 9,500 iliyopita, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ni wa ukoo mmoja na mbwa wa sleji wa leo. Mwaka 1925 waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana kupeleka dawa ya dondakoo hadi mji wa Nome, Alaska, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, kwa siku tano na nusu. Mashindano ya Iditarod, ya umbali wa kilometa zipatazo 1,600 kuelekea Nome, yalianza mwaka 1973 na hufanyika kila Machi. Lakini Machi ni mwisho wa safari. Kazi kubwa iko kwenye miezi inayotangulia, na hapo ndipo swali letu lilipo.

Kituo cha mbwa wa mashindano kinaweza kuwa na mbwa ishirini, na vingine hupita mia. Kila mbwa ana kibanda chake cha mbao kilichojazwa nyasi kavu, na mnyororo unaozunguka kwenye nguzo. Asubuhi huanza kwa koleo na ndoo, kuzoa mavi ya usiku kabla hayajaganda ardhini. Kisha chakula: nyama iliyogandishwa hukatwakatwa, hutiwa maji ya moto pamoja na mafuta na chakula kikavu, ikawa supu nzito ambayo mbwa huimaliza kwa sekunde chache. Kwa kuwa theluji bado haijaanguka, au imeanguka kidogo isiyotosha, mbwa hawafungwi kwenye sleji. Hufungwa mbele ya pikipiki ya magurudumu manne, ambayo uzito wake na gia zake humsaidia mwendeshaji kuzuia mwendo.

Mikanda ya kukokotea ikitolewa tu stoo, kituo kizima hulipuka. Mbwa hubweka, huruka juu, hung'ata kamba, na wale ambao si zamu yao hupiga kelele kuliko wote. Huwezi kusikilizana na mtu aliye mita mbili kutoka ulipo. Halafu fundo la mwisho linafunguliwa, timu inatoka kwa kishindo, na papo hapo kimya kinatanda. Hakuna anayebweka tena. Kinachosikika ni kuhema na makucha yakigonga ardhi. Anayedhani wanyama hawa hukimbia kwa sababu wanalazimishwa angeanza kufikiri upya hapo. Na hamu hiyohiyo ndiyo inayowaponza, kama tutakavyoona.

Turudi kwenye baridi. Manyoya ya mbwa huyu yana tabaka mbili. La nje ni nywele ndefu na ngumu zinazozuia upepo na theluji. La ndani ni sufi laini, iliyoshonana, inayoshikilia hewa karibu na ngozi. Ile theluji nyeupe mgongoni mwa mbwa aliyelala, inayotutia huruma, ni ushahidi wa kinyume chake. Ingekuwa joto la mwili linavuja, theluji hiyo ingeyeyuka. Haiyeyuki kwa sababu joto limebaki ndani.

Na nyayo je, zinazogusa barafu siku nzima? Mwaka 1972 watafiti walipima nyayo za mbwa-mwitu na mbweha wa Aktiki katika baridi kali, wakakuta zinabaki kwenye nyuzi karibu 1 chini ya sifuri, juu kidogo tu ya kiwango ambacho nyama yenyewe ingeganda. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ndani ya nyayo za mbwa wa kawaida mishipa inayoleta damu ya moto imezungukwa na mtandao wa mishipa inayorudisha damu baridi, kiasi kwamba damu inayorudi mwilini hupashwa moto kabla ya kufika mbali.

Vipi basi vile viatu vya kitambaa vya rangi kali wanavyovalishwa? Hapa pia wengi hukosea. Kazi yake kubwa si kuzuia baridi. Theluji ya punjepunje hukwaruza ngozi ya unyayo, na ile yenye unyevu hujikusanya katikati ya vidole ikawa vidonge vya barafu vinavyochubua. Kiatu huzuia hayo. Kanuni za Iditarod hutaka kila mbwa awe na viatu vinane, vilivyovaliwa au vilivyo kwenye sleji, maana huchakaa haraka.

Hii haina maana kwamba baridi haiwagusi kabisa. Mbwa wengi wa mashindano leo ni huskii wa Alaska, ambao si aina moja iliyosajiliwa bali ni mchanganyiko uliochaguliwa kwa mwendo na hamu ya kula, na baadhi yao wana damu ya mbwa wa kuwindia wenye manyoya mafupi. Hao huvishwa koti wakipumzika. Sehemu zenye manyoya machache, kama ubavuni karibu na paja, chuchu, na korodani za madume, huweza kuganda upepo ukivuma sana, na waendeshaji hufunga kipande cha manyoya hapo ili kuzikinga. Mbwa aliyelowa, au aliyechoka na kukosa chakula, naye yumo hatarini. Lakini mbwa mkavu, aliyeshiba na mwenye nyasi za kulalia, usiku wa baridi si tatizo lake.

Tatizo lake huanza anapoamka na kukimbia. Msuli wowote, wa mtu au wa mbwa, unapofanya kazi hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo. Robo tatu zilizobaki ni joto. Na mbwa wa sleji katika mashindano marefu anaweza kutumia kilokalori 10,000 kwa siku, ilhali mtu mzima wa kawaida anatumia 2,000 na kitu, naye mbwa huyo ana uzito wa kilo 20 au 25 tu. Kiasi hicho cha joto lazima kitoke mahali.

Chukua kile kikapu kilichotandikwa blanketi ambacho baadhi ya akina mama huivishia maharage. Sufuria inachemka kwenye jiko, inatolewa, inazamishwa kikapuni, inafunikwa, na maharage yanaendelea kuiva bila moto kwa saa kadhaa. Kikapu hakitengenezi joto, kinalizuia lisitoke. Kwa mbwa aliyelala, manyoya ni kikapu hicho, na moto mdogo wa mwili unatosha kumpitisha usiku. Akianza kukimbia, ni sawa na kuwasha jiko ndani ya kikapu huku kifuniko kikiwa bado kimefungwa. Blanketi haliwezi kuvuliwa. Nje kukiwa na baridi kali, joto bado hupata njia ya kupenya kupitia uso, masikio, tumbo na miguu, mahali ambapo kitambaa cha kikapu ni chembamba. Nje kukiwa na nyuzi 12, njia hizo hazitoshi, na sufuria inazidi kupanda moto.

Mtu katika hali hiyo angetoka jasho mwili mzima. Mbwa hana jasho la maana. Tezi zake za jasho la kupoza ziko kwenye nyayo, na mchango wake ni mdogo. Anachotegemea ni kuhema. Mwaka 1970 mwanafiziolojia Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walionyesha kwamba mbwa anayehema huvuta hewa hasa kwa pua na kuitoa hasa kwa mdomo. Ndani ya pua kuna vifupa vyembamba vilivyokunjwakunjwa, vyenye ngozi yenye unyevu, na hewa ikipita juu yake maji huvukizwa na damu hupoa. Hewa hiyo ingetoka tena kwa pua, sehemu ya joto ingerudi mwilini. Ikitoka kwa mdomo, joto linakwenda moja kwa moja. Vipimo hivyo vilifanywa maabara, si njiani Alaska, kwa hiyo viwango vyake haviwezi kuhamishwa vilivyo hadi kwa timu inayokimbia. Kanuni yenyewe, hata hivyo, ni ileile.

Maji ndiyo yanayobeba mzigo. Lita moja ikivukizwa kutoka mwilini huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Ndiyo maana mwendeshaji hasubiri mbwa aone kiu. Saa moja au mbili kabla ya mazoezi humpa maji ya vuguvugu yaliyotiwa vipande vya nyama, ili harufu imshawishi ayanywe yote. Na ndiyo maana siku yenye unyevunyevu, hata kama kipimajoto kinaonyesha nafuu, ni mbaya kuliko siku kavu: hewa iliyokwisha jaa mvuke haipokei mwingine kwa urahisi.

Kinachoufanya mwanzo wa msimu uwe mbaya kuliko wakati mwingine wowote ni hiki, na kwangu ndicho cha ajabu kuliko vyote. Manyoya ya mbwa hayaongozwi na kipimajoto. Yanaongozwa hasa na urefu wa mchana. Siku zikizidi kuwa fupi mwezi wa Agosti na Septemba, mwili huanza kuandaa koti la majira ya baridi, hata kama hewa yenyewe bado ni ya vuguvugu. Kufikia Oktoba mbwa amevaa nguo za Januari na Januari haijafika. Ongeza kwamba ametoka kwenye mapumziko ya kiangazi, hajazoea, na ana hamu ya miezi mitatu iliyojaa kifuani. Mbwa mkubwa wa mwaka mmoja na nusu, mwenye manyoya meusi, akifungwa kwenye timu kwa mara ya kwanza, atavuta kwa nguvu zake zote tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Hajajifunza kujipimia.

Kwa hiyo mwenye kumpimia ni mwendeshaji. Anaanza na kilometa chache, usiku au kabla ya mapambazuko, na anazuia kwa breki hata pale mbwa wanapotaka kuruka. Macho yake yako kwenye kamba. Kila mbwa ana kamba yake ya kukokotea, na ikilegea, hata kwa hatua chache, kuna habari hapo. Anatazama ulimi: ukirefuka na kutanuka nchani kuwa bapa, mbwa anatafuta eneo zaidi la kupozea. Anatazama mwendo wa miguu ya nyuma kama unayumba. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, na anapokimbia hupita 40 bila kudhurika, lakini nafasi iliyobaki juu ya hapo si kubwa. Timu husimamishwa kwenye dimbwi au kijito, mbwa wakalala majini na kulowesha tumbo, kisha wakaendelea.

Theluji ikishaanguka, mbwa hujisaidia wenyewe. Huinamisha kichwa bila kupunguza mwendo na kuchota theluji kwa mdomo kando ya njia, tena na tena. Inapoza ulimi na kuongeza maji kidogo. Kwenye mashindano ya Januari, kama Kuskokwim 300 huko Bethel au Copper Basin 300 karibu na Glennallen, hali inaweza kutoka mvua hadi baridi ya kutisha ndani ya msimu mmoja, na mipango ya kupumzika hubadilishwa kufuatana nayo: hewa ikipata joto, timu nyingi hulala mchana kwenye nyasi na kukimbia usiku.

Mwanzo wa Iditarod umelazimika kuhamishiwa mji wa Fairbanks mwaka 2003, 2015, 2017 na 2025 kwa sababu theluji haikutosha. Mashindano ya John Beargrease huko Minnesota yalifutwa mwaka 2024 kwa sababu hiyohiyo. Vituoni maana yake ni kwamba ile pikipiki ya magurudumu manne inatumika hadi Desemba, juu ya tope na kokoto. Mbwa wanakimbia wakiwa na koti lao kamili, kwenye njia isiyo na theluji ya kuchota, na mwendeshaji anabeba madumu ya maji ambayo miaka ya nyuma asingeyahitaji.