Mapumziko ya mrushaji si kukaa benchi

Katika softiboli ya vijana, mchezo ulio ndugu wa besiboli, mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mapumziko yake ni muda ambao mkono wake haurushi kabisa: si kwenye mechi, si mazoezini, si nyuma ya nyumba na baba yake. Muda huo huhesabiwa kwa siku. Maana ni hiyo tu, na tungeishia hapa kama neno lingetumika hivyo.

Halitumiki hivyo. Kocha akiulizwa kwa nini binti wa miaka 12 amerusha mechi tatu Jumamosi moja, jibu liko tayari: "Mbona alikuwa anapumzika? Kila zamu yetu ya kupiga ikifika, yeye anakaa." Na mzazi anayezungumza Kiswahili anaridhika upesi, maana sikio lake limelelewa na mpira wa miguu, ambako mapumziko ni dakika 15, maji ya kunywa, halafu kipindi cha pili.

Neno lenyewe linatuponza. Pumzika ni ndugu wa pumzi, na pumzi ni ndugu wa pumua. Kwa asili yake, aliyepumzika ni yule ambaye pumzi zimemrudia baada ya kupanda kilima au kutua mzigo. Kwa kazi hiyo dakika chache kwenye benchi zinatosha kabisa. Shida ni kwamba mkono hauna mapafu. Binti anarudi uwanjani anahema vizuri, jasho limekauka, anataniana na mdakaji wake, yule anayeipokea mirusho yake, na kano ya mbele ya bega haijapona hata chembe tangu alipoketi.

Kano hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Mrusho wa softiboli huzungusha mkono duara zima, kama panga boi la dari, na mpira huachiwa karibu na nyonga. Mkono ukiwa unashuka kwa kasi, bega huvutwa kama linalotaka kung'oka, na msuli wa mbele ya mkono wa juu ndio unaolizuia, huku ukikizuia pia kiwiko kisinyooke kupita kiasi. Msuli huo umeshikizwa begani kwa kano nyembamba. Kila mrusho huiacha na mikwaruzo midogo mno, ambayo mwili huiziba ukipewa muda. Usipopewa, mkwaruzo huwekwa juu ya mkwaruzo, na siku moja mtoto anashika mbele ya bega na kusema panawaka.

Hapa ndipo lilipo kosa la pili, nalo lina madhara kuliko la kwanza: kwamba kurusha kwa chini, mkono ukipita nyongani na si juu ya bega kama kwenye besiboli, ni "kwa asili", hakuumizi, kwa hiyo mapumziko ni mambo ya besiboli. Imani hiyo imeingia hadi kwenye kanuni. Katika Little League, shirika la ligi za watoto la Marekani, mtoto wa miaka 11 au 12 anayerusha besiboli hukomea mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 hukaa siku 4 bila kurusha. Dada yake kwenye softiboli hahesabiwi mirusho. Anahesabiwa awamu, yaani vipindi ambavyo kila timu hupata zamu moja ya kupiga, na ameruhusiwa hadi 12 kwa siku moja. Awamu moja inaweza kwisha kwa mirusho 9 au ikafika 35, kwa hiyo hesabu hiyo haimwambii mtu lolote kuhusu bega.

Hesabu inayofaa ni ya mirusho, yote. Tuseme daftari la mechi linaonyesha 90. Kabla ya mechi alipasha mkono kwa mirusho 40. Kabla ya kila awamu aliruhusiwa 5 ya kujaribu, na awamu ni 7, hiyo ni 35. Bega limerusha 165, lakini Jumatatu watu watazungumzia 90. Mwongozo unaotumiwa sana na madaktari wa michezo Marekani humpa mrushaji wa miaka 8 hadi 10 mirusho 50 kwa mechi na 80 kwa siku, kwa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu harushi. Mashindano ya wikendi yakianza Ijumaa, siku ya tatu ni Jumapili, siku ya fainali. Ndiyo maana mwongozo huo hupendwa na kila mtu hadi Jumamosi usiku.

Kumhamisha acheze udakaji nako si mapumziko. Mdakaji hurudisha mpira kila baada ya mrusho ambao haukupigwa, na mara kwa mara huutupa kwa nguvu zote hadi kituo cha pili, nyuma ya mrushaji, kumzuia mkimbiaji.

Anayetaka kujua kama uchovu umeingia asimuulize mtoto. Aangalie miguu. Hatua ya mbele inafupika, kwa sababu nyonga ndizo zinazosukuma, nazo huchoka. Kisha kiwiliwili kinainama mbele au pembeni, mipira inaanza kupaa juu ya eneo halali la mpigaji, na mkono unajaribu kuzalisha kasi ambayo miguu imeacha kuileta. Kasi inaweza isipungue kabisa, na hilo ndilo linalodanganya.

Mtu atamtaja mrushaji Yukiko Ueno wa Japani, ambaye katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mara 413 kwa siku mbili na kuondoka na dhahabu. Ni kweli. Alikuwa na miaka 26, mifupa imekwisha kukomaa, na ilikuwa kilele cha miaka ya maandalizi. Binti wa miaka 12 bado ana gegedu laini kwenye ncha za mifupa, hapo hapo mfupa unaporefukia, na wiki ijayo ana mashindano mengine.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, ila tumelichafua: kupumzishwa. Kwenye habari za soka, "amepumzishwa" ni lugha ya adabu ya kusema ameachwa nje, kwa hiyo mtoto akilisikia anadhani ameadhibiwa. Lakini umbo lake ndilo sahihi, maana kuna mtu mwingine anayetenda. Mrushaji mzuri wa miaka 12 hatajipumzisha. Akiulizwa atasema yuko sawa, na pumzi zake zitamuunga mkono.

Kwa hiyo kocha, zamu ya kupiga ikifika na mrushaji wako akaenda benchi, sema amekaa. Jumapili akilinda kituo cha kwanza, sema hakuwa mrushaji. Jumatatu mpira ukibaki ndani ya begi kutwa nzima, hapo andika kwenye daftari: mapumziko, siku 1.