Jumlisha kadi kwanza: Lewis na Holyfield, pambano la pili

116-112, 117-111, 115-113. Kadi hizo tatu za majaji ndizo zilizompa bondia Lennox Lewis ushindi dhidi ya Evander Holyfield mjini Las Vegas, Novemba 13, 1999. Mpaka leo naulizwa swali lilelile: inawezekanaje jaji mmoja aone pambano la kubanana, mwingine aone mtu ameachwa mbali, na wote walikaa kando ya ulingo mmoja? Anayeuliza huwa upande wa Holyfield, na uchungu wake naufahamu. Nami nimeshika kalamu ya jaji miaka mingi, kwa hiyo namjibu kwa kadi.

Anza kwa kujumlisha. Mshindi wa raundi hupata 10, mwenzake 9. Raundi kumi na mbili zikiisha bila mtu kuangushwa wala kukatwa pointi, na kila raundi ikawa na mshindi, pointi za mabondia wote wawili zikiwekwa pamoja ni 228. Jumlisha kadi zile tatu: 228, 228, 228. Basi 115-113 ni raundi saba kwa tano, 116-112 ni nane kwa nne, 117-111 ni tisa kwa tatu. Kumbe jaji aliyembana Lewis zaidi na aliyempa raha zaidi wanatofautiana raundi mbili tu. Kila raundi inayohama kutoka kwa bondia mmoja kwenda kwa mwingine inasogeza pengo kwa pointi mbili, ndiyo maana kutokuelewana kidogo kunaonekana kukubwa ubaoni.

Sasa rudi kwenye pambano lao la kwanza, Machi 13 mwaka huohuo, Madison Square Garden, lililotangazwa sare na kuwaacha watazamaji wengi midomo wazi. Jaji Stanley Christodoulou aliandika 116-113 kwa Lewis. Jumla yake ni 229, kwa hiyo kuna raundi moja aliyoipa 10-10, yaani sare. Larry O'Connell aliandika 115-115, jumla 230: raundi mbili za 10-10, na zilizobaki akazigawa tano kwa tano. Eugenia Williams alimpa Holyfield 115-113, yaani 228 kamili. Bila kuona karatasi yenyewe, unajua tayari nani aliyesita na mara ngapi.

Majaji wa Novemba hawakusita hata mara moja. Kila raundi waliipa mwenyewe, na hivyo ndivyo jaji anavyofundishwa: tafuta mshindi, 10-10 iwe kimbilio la mwisho. Nakubaliana na mafunzo hayo, lakini yana gharama, na gharama yake huonekana wazi zaidi kwenye marudiano ya watu wanaojuana. Chukua raundi nne ambazo kila moja imeamuliwa na jabu mbili tatu, zile ngumi za kunyoosha za mkono wa mbele. Bondia mwenye mkono mrefu akizipata zote nne, na zile nane nyingine zikagawanyika tano kwa tatu, kadi inafika tisa kwa tatu katika pambano ambalo mwilini mwa mabondia lilikuwa karibu sawa. Raundi ya jabu mbili ni 10-9. Raundi ambayo mtu amesukumwa kwenye kamba akapigwa dakika nzima, asipoanguka, kwa kawaida nayo ni 10-9. Raundi ya saba ya pambano lile, waliposimama na kubadilishana makonde makali, ndiyo watu wanayoikumbuka. Kwenye kadi ina thamani ileile ya raundi ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kuna jambo jingine, na kwangu hili ndilo kiini cha ugomvi wote. Mwezi Machi, hesabu ya CompuBox, mfumo wa kuhesabu ngumi, ilimpa Lewis ngumi 348 zilizofika, Holyfield 130. Novemba Holyfield alikuja mtu tofauti: aliingia ndani, alijibu, alimfanya Lewis afanye kazi. Mtazamaji aliyeiona Machi alikuwa anamlinganisha Holyfield na Holyfield. Kila alipofanya vizuri kuliko mara ya kwanza, mtazamaji alimhesabia raundi moyoni. Jaji hana ruhusa hiyo. Anatakiwa awalinganishe watu wawili walio mbele yake katika dakika zile tatu: nani amefikisha ngumi safi zenye madhara, nani ameshambulia kwa faida, nani ameutawala ulingo, nani amejilinda. Holyfield angeweza kuwa bora maradufu ya Machi na bado akaikosa raundi kwa ngumi moja.

Wapo wanaosema majaji walimlipa Lewis deni la ile sare ya Machi. Siamini. Majaji watatu wa Novemba walikuwa wengine kabisa, na kadi ya 115-113 si kadi ya mtu anayelipa deni.

Kiti nacho kina neno lake. Majaji watatu hukaa pande tatu tofauti, na mgongo wa bondia wa uzito wa juu unaziba mengi. Ngumi ya mbavuni inayoonekana safi upande mmoja, upande wa pili unaona kiwiko tu, na wa tatu unaona refa. Williams, aliyempa Holyfield raundi ya tano ya Machi ambayo karibu kila mtu aliiona ya Lewis, alikuja kueleza kwamba wapiga picha walimziba, na kwamba alipoitazama kwenye televisheni aliona kitu kingine. Alishambuliwa vibaya sana kwa kadi ile. Mimi pia naona alikosea raundi ile, lakini nimewahi kumaliza raundi nikiwa nimeona visogo vingi kuliko nyuso, kisha kengele ikalia na karatasi ikatakiwa pale pale.

Hata kadi zikifanana, ugomvi hauishi. Desemba 21, 2024, mjini Riyadh, majaji wote watatu waliandika 116-112 kwa Oleksandr Usyk dhidi ya Tyson Fury katika marudiano yao. Fury alitoka akiamini ameshinda. Na usidhani kadi tatu zenye jumla moja lazima zina raundi zilezile: nane kwa nne unaweza kuipata kwa njia nyingi. Marudiano ya Michael Spinks na Larry Holmes mwaka 1986 yaliwagawa majaji wawili kwa mmoja, Holmes akaondoka na kinyongo kikubwa.

Ukitaka kuirudia Novemba 1999, zima sauti. Watangazaji huwa na raundi zao, na sauti ya ukumbi hupanda hata ngumi ikigonga glovu. Andika kila raundi, funika karatasi, usijumlishe mpaka ya kumi na mbili iishe. Ambayo hukuwa na uhakika nayo iwekee alama ya nukta.

Kadi yangu ya pambano lile ni 115-113, Lewis. Ina nukta tatu. Nukta moja tu ikihamia kwa Holyfield, inakuwa 114-114.