Kukaimu umeya si kurithi kiti

Wengi hudhani kiongozi wa baraza la jiji akishakaimu umeya, kiti kimeshakuwa chake. Sivyo. Kule San Francisco, meya Ed Lee alifariki ghafla mwendo wa saa saba usiku, Desemba 12, 2017, na London Breed, aliyeongoza baraza la madiwani, akaanza kukaimu papo hapo. Wiki sita tu! Januari 23, 2018, madiwani wakampa Mark Farrell umeya wa muda, Breed akarudi kuongoza vikao. Umeya wenyewe aliupata kwa kura za wananchi, Juni mwaka huohuo.

Kwa Dianne Feinstein, aliyeongoza baraza hilohilo mwaka 1978, ilikuwa tofauti: meya George Moscone alipouawa, madiwani walimchagua yeye kuwa meya ndani ya siku chache.